Mtani Kavaa Joho la Baba

Alhamisi, 4 Julai 1974
Masolwa kaja na makelele yake. Saba Saba kuna tamasha uwanjani — ngoma, ngonjera, mchezo — kuonyesha namna mambo ya dunia yanavyoiumiza nchi yetu. Ukame, vita, bei ya mafuta. Kwenye mchezo yeye ataigiza Sheikh wa Mafuta. Anataka joho la Baba, lile la Kiarabu! Nikakataa. Baba akacheka: mtoto wa mjomba wako ni mtani wa nyumba hii, Semeni, mtani hanyimwi. Akalitungua msumarini mwenyewe. Nimeudhika.

Ijumaa, 5 Julai
Pipa la mafuta ya taa limefika dukani, la kwanza tangu Mei. Ofisi ya biashara wamemwambia Baba asiuze hata chupa moja mpaka bei mpya itoke Jumanne. Tumelifungia stoo. Mtaa wetu mzima wa Isevya uko gizani, sisi tumekalia pipa. Sipendi.

Jumapili, 7 Julai
Mshenzi mkubwa! Masolwa kavaa joho, kajaza mto tumboni, kakalia madebe. Mama mmoja kwenye mchezo anaomba mafuta ya kibatari, mwanawe anaumwa. Masolwa anajibu kwa sauti ya Baba, na kikohozi chake: hakuna, mama, rudi kesho! Uwanja mzima vicheko. Mtu nyuma yangu akapaza: huyo si Humaidi wa Isevya? Wengine wakadakia jina la Baba. Na Baba yuko mstari wa mbele, anapiga makofi. Makofi! Wenye visima vya mafuta na wenye meli hawakuonekana mchezoni. Kaonekana muuza chumvi aliyezaliwa hapa hapa Tabora.
Njiani nikafoka. Baba kasema mtani hakasirikiwi. Basi nimekasirika mimi, na sehemu yake pia.

Jumatatu, 8 Julai
Ukutani wameandika MLANGUZI kwa mkaa. Sokoni Mwanajuma, tuliyecheza naye utotoni, kanigeuzia mgongo.

Jioni. Watu wapo nje, wengi. Balozi wa nyumba kumi anasema fungueni stoo tuone. Baba anatafuta ufunguo awafungulie — hana cha kuficha, ati! Wakiliona pipa, nani atasikiliza habari za bei mpya? Ufunguo nimeufunga pindoni mwa kanga. Simpi.

Namsikia Masolwa. Kaja mbio, analia kabisa: jamani, ule ulikuwa utani, mzee wa watu hajaficha kitu!

Wanacheka. Wanampigia makofi, wanamwambia aongeze. Na wengine wameshazunguka uani, kwenye mlango wa stoo.