Kitenge cha Sifa katika Hangari ya Pamba

Jumatatu, 7 Agosti 2000

Nimefagia tena mavi ya mbuzi. Hangari ya pamba, ghala la zamani, haina paa wala mlango, kila mwenye miguu anaingia. Vitenge vyote sasa vinaning'inia kwenye kamba kwa urefu wa mtu. Nilivinunua sokoni Nundu, nguo za watu wanaokimbia vita. Nataka mtazamaji wa maonyesho yangu apite katikati yake, vimguse mabega, awakumbuke wenyewe.

Ameingia mama mmoja. Amekisugua kimoja kwa vidole, akauliza: "Hii iko bei gani?" Wa nne leo. Mji huu wote wa Baraka umenichosha.

Jumatano, 9 Agosti

Kazi imepooza. Vitenge ni safi mno, utadhani duka. Nimechanganya mafuta ya mawese na udongo mwekundu, nikapaka kile cha manjano chenye picha za ndege, pale pindo lake lilipochanwa. Sasa kinauma kukitazama. Askari wawili wamepita, wametazama, hawakucheka. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 10 Agosti

Sijui niandike vipi.

Mama Sifa, jirani yetu muuza mihogo, ameingia asubuhi. Amefika kwenye kitenge cha ndege, akaanguka chini. "Iko ya mutoto wangu! Balimuua!"

Binti yake Sifa alikimbia kutoka kijiji cha Lubondja wakati wa mvua, mtoto mgongoni. Tangu hapo kimya. Kitenge hicho mama mwenyewe alimnunulia siku ya ndoa. Ameona pindo jekundu, ameona damu.

Nimemwambia ni mawese. Nimemnusisha. Hakusikia. Kufikia mchana wanawake walikuwa wameshatandika mikeka uani kwake, matanga yameanza.

Nilitaka watu waguswe. Haya, wameguswa. Najichukia.

Jumapili, 13 Agosti

Nimerudi kwake kueleza. Anadhani ninamfariji tu. Kanisani mchungaji amemtaja Sifa pamoja na marehemu, nikatoka nje.

Na kama kweli amekufa? Nilinunua nguo bila kuuliza imetoka kwa nani. Kwangu ilikuwa rangi.

Nitaenda Nundu kumtafuta aliyeniuzia. Naogopa bariera za askari njiani. Naogopa sana.

Jumanne, 15 Agosti

Nundu. Bariera ya kwanza wamechukua sigara, ya pili viatu. Sawa. Baiskeli wameniachia kwa sababu ni mbovu.

Nimemkuta muuzaji, mama anayebadilisha dagaa kwa nguo. Kitenge cha ndege anakikumbuka vizuri. Mwanamke kijana mwenye mtoto, alitaka chakula cha safari, anavuka ziwa.

"Ule? Alinisumbua mupaka nikachoka! Namupa sahani mbili za ndagala, ye anataka ya tatu. Nikimupa, anachana tena kipande cha kitenge, ati mutoto hawezi kulala kama hakishike!"

Basi ndiyo habari ya pindo. Mimi nililiona jeraha la vita. Kumbe mama mtu alikuwa anafikiria usingizi wa mwanawe. Nimecheka peke yangu katikati ya soko, miguu peku, watu wananitazama.

Jumatano, 16 Agosti

Nimeshuka kwenye baiskeli uani kwa Mama Sifa, hata maji sijanywa. Nimesimulia. Nilipofika kwenye sahani ya tatu ameinua uso. Ameniambia nirudie. Nimerudia.

"Iko yeye! Iko yeye kabisa!" Anacheka huku machozi yanamtoka. Amesimama, amekunja mkeka wake mwenyewe mbele ya wageni wa matanga.

Kama mtumbwi ulifika ng'ambo, hakuna ajuaye. Hilo pia nimemwambia. Amesema anajua. Nimempa ruhusa achukue kitenge, kana kwamba ni changu cha kutolea ruhusa.

Jumamosi, 19 Agosti

Mama Sifa amekuja na kitenge kimelowa. Amekifua ziwani, mawese yote yametoka. Nilidhani anakirudisha kwenye nafasi yake, nikampisha. Amenipita. Amezunguka nje, upande wa barabara, wanakopita watu watokao mitumbwini.

Nimemuuliza kwa nini huko. Amenitazama kwa huruma kidogo. "Ndani atakiona nani? Akirudi, apitie hapa, ajue tuko."

Hakuwa na kamba ya kukitundikia. Nimefungua moja ya zangu, nimempa.