Maji Mekundu ya Ziwani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mtinko hatujambo. Babu yako amepona mguu.

Umeuliza kama niliwahi kuona vijidudu vyekundu unavyovisoma huko chuoni, vyenye protini kwenye ngozi inayonasa mwanga wa jua na kuugeuza nguvu ya kuishi. Nadhani niliviona. Usichanani tulikausha maji ya ziwa kwenye vidimbwi tupate chumvi. Siku moja nikakuta kidimbwi chetu chekundu. Nikadhani maji yameoza, nikayachota na kuyamwaga yote. Mama hakunigombeza. Alisema tu, “Mekundu ndiyo huwahi kukauka, mwanangu,” akashika ndoo, tukaanza upya.

Kumbe nilimwaga viumbe waliokuwa wanaota jua ili washibe. Ukiwaona kwenye hadubini, niombee radhi.

Bibi yako