Sharobaro na Binti wa Hakimu

Najma, Doha
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Shangazi Time,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na Tanga mmepata mvua. Mimi ni mzima, ila joto la huku linatupiga mpaka jasho linadondokea kibodi ya ofisi. Naandika barua kamili hapa simuni, maana ulisema ujumbe wa kukatakata huusomi.

Bado ni karani wa ile ofisi ya kusafirisha mizigo. Chumbani niko na Amiri dereva, Mwangi wa Nyeri na Rodney wa Kampala, hawa wawili ni walinzi. Ijumaa hatuna kazi, na wamenigeuza redio. Kile kitabu cha Kiingereza cha kale nilichokisoma chuoni, cha kijana mtundu anayempenda binti wa hakimu, nawasimulia kwa Kiswahili kila baada ya swala. Kijana wamempa jina la Sharobaro. Leo anafukuzwa na mbwa, kesho anajificha kwenye pipa la jibini, na hakimu anataka kumwoza binti yake kwa mshona nywele za bandia. Rodney hucheka mpaka anashika ukuta.

Lakini nina jambo. Binti mmoja, Zuleikha, anayefanya kazi mapokezi ya hoteli huko Lusail, alileta mzigo wa kwenda kwa mama yake Pangani. Nikawa naandika anwani. Akaniuliza, "Kaka, mbona mkono unatetemeka? Umesikia nyoka humo ndani?" Nikasema hapana. Amerudi tena na tena na vimizigo vidogo, na kila mara nimejibu hapana hata kwa maswali yasiyohitaji hapana.

Kaka yake anaitwa Juma, msimamizi wa walinzi, ndiye mkubwa wake hapa. Ana kimo cha mlango wa godauni. Na sasa Amiri amemleta chumbani kusikiliza kitabu. Anakaa kwenye kitanda changu. Nifanye nini?

Mwanao,
Harun

Tanga
4 Oktoba 2024

Mwanangu Harun,

Marahaba. Mguu upo, mvua haipo. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi na nawajua watoto wanaojua jibu wakakataa kunyoosha mkono. Wewe ulikuwa kiongozi wao.

Nimeuliza, kwani Pangani si mbali na maneno yana miguu. Baba wa binti ni marehemu. Mama Juma yuko peke yake, na kuna bwana mwenye duka la saruji Muheza ameshaanza kumpelekea salamu kuhusu Zuleikha. Juma akija likizo Desemba watalimaliza. Huyo bwana hana kosa lolote, ila mazungumzo yake yote ni saruji.

Usiniulize ufanye nini. Niulize niende lini. Lakini mshenga haendi bila kutumwa, na siwezi kutumwa kabla binti mwenyewe hajaonyesha kwamba anakutaka. Mwulize.

Shangazi yako,
Time

Najma, Doha
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Habari za mguu? Mimi mzima, kikohozi tu cha kiyoyozi.

Sikumwuliza. Lakini sikia lililotokea. Kumbe Juma akiwa zamu humpigia dada yake na kumsimulia yote niliyosimulia. Ijumaa moja akaingia amekunja uso. "Wewe karani, dada yangu anauliza, huyo binti wa hakimu hana mdomo? Hakimu anamsemea, Sharobaro anamsemea, hata mshona nywele anamsemea."

Nikafungua kitabu. Ni kweli, binti analia na kuzimia tu. Basi nikamtungia maneno. Wiki iliyofuata akamwambia hakimu, "Baba, nywele za bandia sizitaki hata zikija na kichwa chake." Chumba kizima kikaangua kicheko, na Juma akaenda na maneno hayo Lusail.

Akarudi na jibu. "Dada anasema kitabu sasa kimenoga. Anauliza, binti akikutana na mtu mwoga lakini mkweli, atamkataa?"

"Ati mwoga?" Mwangi akasema. "Kwani hii story iko na mwoga? Mimi sijamwona."

Nikasema binti bado hajakutana na mtu wa namna hiyo, ila mtu huyo yupo, na kwa leo anamsalimu tu. Wiki iliyopita Juma kaleta ujumbe, anakula karanga zangu. "Anasema salamu zimefika. Na karani asimulie polepole, asitetemeke."

Shangazi, Juma hajui alichobeba. Akijua atanikunja kama katoni.

Mwanao,
Harun

Tanga
6 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wanisaidia.

Binti ameshasema. Aliyebaki bubu ni wewe. Ila kumtumia kaka wa mtu bila yeye kujua si uungwana, na sikukulea hivyo. Tafuta mtu mzima mmoja huko akaseme na Juma kwa heshima. Nikipata neno lako tu, naenda kwa mama.

Shangazi yako,
Time

Tanga
25 Novemba 2024

Harun,

Hujambo? Mwenye saruji ameonekana anapaka nyumba yake rangi. Uko hai?

Shangazi

Najma, Doha
Ijumaa, 29 Novemba 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo. Niko hai, na nasema hivyo kwa mshangao.

Mtu mzima sikumpata. Amiri alijitolea, lakini kila akimfikiria Juma hupata abiria wa uwanja wa ndege. Leo tukafika sura ya mwisho. Sharobaro amepanda ngazi ya mbao hadi dirisha la binti, hakimu anakuja na mshumaa. Nikafunga kitabu, nikauliza, "Nyinyi mngekuwa hakimu, mngefanyaje?"

"Mtu amepanda mpaka juu huko, banange, jamani," Rodney akasema. "Utamkataaje?"

"Mimi ningempea binti na ngazi abebe," akasema Mwangi.

Juma hakucheka. "Mimi simpi. Apande kwa nini, mlango si upo? Mimi nina dada. Mtu akija mlangoni, hata kama anatetemeka, tutakunywa naye chai. Akija dirishani nasukuma ngazi."

Shangazi, sijui nilikula nini. Nikasimama, nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabisha hodi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Juma.

"Ni Harun. Nimekuja kwa ajili ya Zuleikha. Maneno ya binti wa hakimu niliyatunga mimi, na majibu uliyoniletea yalikuwa yake kwangu. Niwie radhi, kaka."

Nikasikia kitanda changu kikilia. Kisha mlango ukafunguka, akaujaza wote.

"Umenifanya posta," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nikawa nakimbilia simu nisisahau hata neno." Akatazama magoti yangu, ambayo yalikuwa yakifanya mambo yake yenyewe. "Amiri, weka chai. Na wewe, mtu hajiposei mwenyewe. Hili la leo sikulisikia. Una wakubwa?"

Nikasema nina shangazi.

"Basi afike kwa mama kabla yangu. Akisema ndiyo yeye na Zuleikha, mimi sina neno."

Nikampigia Zuleikha, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Umechelewa sana wewe. Ndiyo."

Shangazi, nakutuma. Nenda.

Mwanao,
Harun

Tanga
15 Desemba 2024

Mwanangu Harun,

Marahaba. Tangu lini mtu akajiposea, tena amesimama nje ya chumba chake mwenyewe? Nilikasirika mpaka jikoni, nikacheka mpaka uani.

Jana tulikwenda Pangani, mimi na mjomba wako na mama zako wadogo wawili. Barua ya posa tuliifunga kwenye kitambaa cheupe. Tukamkuta mwenye saruji ametutangulia, yuko barazani anamweleza Mama Juma jinsi zege linavyokomaa. Mama akamwacha amalize, ni mwanamke wa adabu. Kisha akanigeukia.

"Huyu wenu ndiye karani wa kitabu?"

Kumbe Zuleikha naye humsimulia mama yake, na mama huwasimulia majirani. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wanaojifanya wanachambua mchele.

"Ndiye," nikasema.

"Nasikia ni mwoga."

Mjomba wako akanikanyaga mguu, ule mbovu. Lakini sikwenda kuuza mtu kwa uongo. Nikasema, "Ni mwoga, dada yangu. Anaogopa mbwa, radi, na bosi wake. Alimwogopa pia mwanao Juma, akamgongea mlango hivyo hivyo."

Mama Juma akafikiri. "Marehemu mume wangu hakuogopa kitu. Hakuniogopa hata mimi, nikapata tabu naye miaka yote. Zuleikha amekwisha kuniambia anamtaka nani. Nami namtaka huyo huyo. Tumepokea posa."

Vigelegele vilipopigwa mwenye saruji alipiga makofi na wengine, kisha akauliza kuna nini. Tulimpa soda, masikini, na akaahidi kutusaidia na turubai.

Ndoa ni baada ya Ramadhani, hapa Tanga. Kesho asubuhi ingia kwa bosi wako ukaombe likizo. Nenda mwenyewe. Kwa mambo ya likizo hakuna mshenga.

Shangazi yako,
Time