Goti la Sebuleni

Kavata, uko? Wacha hata hiyo pasi usome hii. Leo nimeponea!!

Unakumbuka madam alienda Italia? Alirudi na picha kubwa ya mama amebeba mtoto. Wageni anawaambia ati ni mke wa tajiri wa zamani. Tajiri gani! Shali ya bluu, duara la dhahabu nyuma ya kichwa. Ni Bikira Maria, Kavata! Sebuleni, hapa Jeddah!

Sasa leo napita na trei ya kahawa, mwili ukadhani tuko kanisani Machakos. Nikapiga goti. Mbele ya madam!!

"Una nini wewe?"

Mkono wangu ushafika kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Nikajifanya napangusa jasho. "Goti, madam. Goti linauma."

Ati goti!! 😂

Nikajua leo narudishwa kwetu. Weh, akaleta dawa ya kuchua. Akaniketisha kwenye kiti kinachoangalia picha. "Kila Ijumaa nusu saa unakaa hapa, unachua. Kazi halas, hakuna kazi."

Kavata, nimemaliza rozari nzima nikichua goti.

Hili lingine litaanza kuuma Krismasi.