Bwawa Ulilolikandika kwa Miguu

Baba,

Bwawa limeshika maji! Nimeona nikuandikie leo leo, maana nikinyamaza nitapasuka.

Idi pili nusu ya mtaa wetu wa Majengo tulikodi lori, tukaenda kutembea kwenye ile mbuga ya wanyama uliyoifanyia kazi hadi ulipougua. Wanawake tulibeba mikeka, birika na sufuria nzima ya pilau, kama watu wanaokwenda maulidini. Askari wa langoni akatutazama, akauliza, "Mikeka ya nini? Mnataka kuwakaribisha simba?" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu utuache sikuwa nimemsikia akicheka.

Na simba tulimwona! Amelala kivulini, hana habari na sisi. Twiga, pundamilia, wote niliwaonyesha watu kama vile ni mifugo yetu. Nikawasimulia uliyonisimulia, kwamba zamani Wamasai walilisha ng'ombe pale, kisha wakati wa vita wanajeshi wakapafanya mahali pa kulenga shabaha, na wewe ulipokuwa ukifyeka njia ukawa unaokota maganda ya risasi.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye lile bwawa mlilowachimbia wanyama. Wewe, fundi wa kukandika nyumba za udongo, ulimwambia msimamizi wako kwamba chini ya bwawa nako kukandikwe: udongo mweusi ulowekwe, kisha ukanyagwe kwa miguu. Mtaa mzima ulikucheka. Fundi Salimu, mwenzako wa tangu ujana, ndiye aliyekuudhi zaidi. "Mvua ya kwanza tu, utakuta shimo tupu." Ukafa kiangazi, bwawa kavu, hujui kama ulikosea. Hilo liliniuma, Baba. Liliniuma sana.

Fundi Salimu tulikuwa naye kwenye lori. Pale bwawani tu ndipo tuliporuhusiwa kushuka, askari mwenye bunduki mbele yetu. Maji yamejaa hadi ukingoni! Viboko wawili wametoa masikio. Nikapiga vigelegele bila aibu, viboko wakazama, askari akanikemea. Sikujali.

Fundi Salimu alichuchumaa, akabonyeza udongo wa ukingoni kwa kidole gumba, mara mbili, tatu. Kisha akaniuliza, "Baba yako alichanganya nini?" Nilitaka kumringia kidogo, lakini nikaona macho yamemlowa. Nikamwambia hukuchanganya kitu, mlikanyaga tu, siku nyingi.

Jumamosi alikuwa anakandika chumba cha mwanawe anayeoa. Nilipita, nikakuta vijana wamezama kwenye tope hadi magotini, jasho linawatoka, naye amewasimamia. Akaniita mbele yao wote, akasema, "Hivi ndivyo alivyofanya marehemu, na mimi nilimcheka." Nililia njia nzima hadi nyumbani, na huku nacheka.

Basi pumzika, Baba, huna deni na mtu. Kila masika nitakwenda kulitazama bwawa lako. Siku nikiona ufa, nitavua viatu niingie mwenyewe, askari apende asipende.

Mwanao,
Mwanaidi