Kitare

Wekesa, mume wangu uliye njiani,

Mama yako alishuka hapa Kitale juzi kwa basi la kutoka Bungoma. Alileta jogoo, ndizi na neno lako. Jogoo amefungwa nyuma ya jiko, ndizi nimezila na wauguzi. Neno ndilo limenishinda.

Uliniahidi, tulipoagana Kampala, kwamba gari moshi likifika Bungoma utakuwa umeamua. "Nitamwambia mama dirishani, naye atakufikishia. Barua itachelewa kuliko mama." Nikacheka, kwa sababu ni kweli. Nairobi ulikuwa lazima ufike kwa vyovyote, kuwapa wenye timu jibu. Ama ukubali kuingia katika timu itakayokwenda Uingereza kushindana kwa vitara, ule mchezo wa panga nyembamba, mwaka mzima, na nafasi yako chuoni wapewe wengine. Ama uwarudishie kinyago cha waya na koti jeupe la kuchezea walilokuazima, uwashukuru, kisha uje hapa hospitalini tumalize pamoja mazoezi ya wodi kabla ya mtihani wa mwisho. Kitara au Kitale. Ulisema tofauti ni herufi mbili tu, na tukaona ni mzaha mzuri. Hatukufikiri mzaha wenyewe ungepita mdomoni mwa mama.

"Alisema nini, mama?" nilimuuliza kabla hajaketi.

"Si alisema amechagua Kitare."

"Kitale?"

"Ndiyo. Kitare."

"Kitale hii tuliyomo, au kitara kile anachochezea?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake. "Mwanangu, nimekwambia. Kitare. Gari lilikuwa linapiga kelele, na yule mtu wa bendera ananisukuma ati nirudi nyuma."

"Alikuwa anacheka, ama amenuna?"

"Alikuwa anakula mahindi."

Basi ndivyo uamuzi wako ulivyonifikia, Wekesa, ukiwa na herufi moja ya hapa na moja ya kule. Nimekaa nao tangu juzi kama na mgonjwa ambaye dalili zake zimekataa kuingia katika kitabu. Mama anapotaja mji huu kila siku husema Kitare, kwa hiyo umechagua Kitale. Hapo natulia. Kisha nakumbuka kwamba mama anapokariri maneno ya mtu mwingine hujitahidi kuyasema vizuri, na r ikikaa mahali pake namna ile huenda ni kwa sababu aliisikia kwako, nayo e ya mwisho ameiongeza mwenyewe. Basi umechagua kitara. Nimemwomba alirudie neno lile tukiwa tunachambua mboga, tukiwa tunatoka kanisani, na mchana huu tena akiwa anafunga kitambaa chake. Halibadiliki. Mara ya mwisho aliniambia, "Wewe umesoma sana, lakini husikii."

Nakuandikia mchana wa Jumapili, mvua ikianza kunyesha, katika chumba walichotupa. Nasema walichotupa kwa sababu waliandaa cha mume na mke: vitanda viwili vya chuma wamevifunga pamoja kwa kamba ya bandeji. Nalala upande wa ukuta. Upande wako nimeweka vitabu.

Natoka nje kidogo kila jioni baada ya zamu na kutazama njia ya kwenda mashambani, kule alikokuwa akiishi Bwana Kijiti, yule mzungu mzee uliyemsafishia viatu likizo zote za shule. Ulinisimulia habari zake mpaka nikamjua bila kumwona. Alikuwa amefundisha vitara jeshini kabla ya risasi kumharibu mguu, na huku hakuwa na mtu wa kucheza naye, majirani zake wakipenda farasi zaidi. Akakupa wewe ule upanga mwembamba usio na makali, wenye kifundo nchani ili usitoboe mtu. Alikuwa hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya mguu ule na fimbo aliyotembelea, akakufundisha wewe kurudi nyuma kwa niaba yenu wawili.

Kule kurudi nyuma ndiko kulikomsumbua mjomba wako. Unakumbuka siku ya harusi yetu, pale kwenu Kanduyi, baada ya chakula? Aliinuka mbele ya watu, akakunyooshea kidole.

"Huyu alisimama mbele ya kisu cha tohara kama nguzo. Hata kope haikucheza. Mimi nilikuwepo. Sasa nasikia mzungu amemfundisha kumkimbia mtu mwenye upanga."

Watu wakakusubiri. Ukasema, "Mjomba, yule wa kisu hakuwa ananifuata."

Hata baba yangu, ambaye alikuja harusini na uso wa mtu anayekwenda kortini, alicheka mpaka akatoa miwani. Nami nilijua siku ile kwamba nimeolewa na mtu anayeweza kurudi nyuma bila kushindwa. Sasa nashangaa kama nilielewa maana yake. Nikiambiwa leo kwamba umerudi nyuma, nitajua vipi kama umeshindwa, au unatafuta nafasi?

Kile chumba chetu cha Kampala ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Wenzetu walisoma mwili wa binadamu kwenye meza, sisi tuliusoma kwa ufito. Ulikuwa huna mtu wa kufanya naye mazoezi, nami nilikuwa sina mtu wa kuniuliza maswali, tukaunganisha shida zetu. Ulinipa ufito wa mwanzi, nawe ukachukua wako, tukapaka ncha chaki. Ulivaa shati lako la bluu, mimi gauni la kufulia. Sheria yako ilikuwa moja: aliyeguswa ndiye husema, bila kungoja mwamuzi, na asiseme tu kwamba ameguswa, ataje ni wapi. "Wengu." "Pafu la kushoto, chini." "Ini." Akikosea jina, hesabu inakuwa mbili. Jirani yetu aligonga mlango siku moja akauliza, "Ninyi huko ndani mnauza nyama?"

Mwanzoni nilikuwa nakugusa kwa bahati. Baadaye ukaniambia kitu ambacho sijakisahau. "Usiufuate ufito wangu, Nasimiyu. Fuata pumzi yangu. Nikivuta ndani, ngoja." Nikawa nangoja. Nikaanza kukupata, na shati lako la bluu likawa na madoa meupe kama manyoya ya kanga, na mtihani ulipokuja nilikupita kwa alama. Ulifurahi kweli. Ulinibeba mgongoni mbele ya watu. Lakini jioni ile ulikaa kitandani ukichezesha kifundo cha mkono, ukiutazama kama kitu ulichoazima, nami nikajiuliza ni mchezo gani hasa niliokushinda.

Kisha maisha yetu yakawa ya kugawana saa. Asubuhi maiti, mchana wodi, jioni wewe na wale wachezaji wenzako wa klabu, nami nikikunakilia masomo, nikiiga mwandiko wako, ili usiyasahau. Ulirudi na malengelenge viganjani, nikakufunga bandeji, ukasoma mishipa ya fahamu ukiwa umesimama mguu mmoja mbele. Ulipata ushindi baada ya ushindi. Watu wakaniita mke wa mchezaji. Hapa wodini wananiita mke wa daktari, ingawa daktari mwenyewe hajafika, na mimi ndiye nimevaa koti.

Wiki iliyopita kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Cherangani, tumbo limemvimba, macho ya manjano. Niliweka mkono chini ya mbavu zake za kulia, nikamwambia avute pumzi, nikangoja. Wewe unajua: ini hulitafuti kwa kusukuma. Unatuliza vidole, mgonjwa anavuta pumzi, nalo linashuka lenyewe mpaka likugonge. Nilingoja muda mrefu kuliko kawaida.

"Daktari," akasema yule mama, "mbona umenyamaza na mkono tumboni mwangu? Umelala?"

"Nasikiliza, mama."

"Basi likisema kitu, uniambie na mimi."

Likaja. Nikaligusa ukingo wake, gumu, chini kuliko linavyotakiwa kuwa, na nikajua cha kuandika. Lakini niliondoka pale kitandani nikiwa nimechanganyikiwa, kwa sababu mkono wangu uliongoja vile si mkono niliofundishwa na maprofesa. Ni mkono wa yule mzee mwenye fimbo, aliokupa wewe, ukanipa mimi. Kama kitara ni mchezo tu, mbona kiko wodini? Na kama ni udaktari, mbona unatakiwa ukiache ndipo uwe daktari?

Nataka nikwambie kilichonipata juzi, ingawa sikipendi. Mama aliposema lile neno, nililisikia kwanza kama Kitale. Niliinuka nikafagia. Nikaondoa vitabu upande wako wa kitanda. Nilipokuwa nakunja shuka, nikagundua kwamba niliyokuwa nayo si furaha. Ilikuwa hofu. Nilikuona umesimama nyuma yangu wodini, mpole, mtiifu, ukitazama kifundo cha mkono wako, miaka na miaka, na kila mtu akinipongeza kwamba nimemtuliza mume. Nikaketi juu ya shuka.

Ndipo nikawaza, labda ni kitara. Na pumzi ikanitoka kama mtu aliyetua mzigo. Mara hasira ikanipanda kwamba nimepumua. Mke gani anapumua akisikia mumewe anakwenda ng'ambo mwaka mzima? Nikakuona Uingereza, na baridi yao, ukishinda, halafu ukirudi huna kazi unayoijua isipokuwa kugusa watu kwa ncha ya chuma, nami nikiwa nimekupita darasa zima, tukiwa mezani tusijue nani amhurumie nani. Nikavirudisha vitabu kitandani. Jioni nikaviondoa tena. Mama alinitazama mlangoni akasema, "Hivyo vitabu vina kunguni?"

Sijui ninachotaka, Wekesa. Nimejaribu kulipanga kama tunavyopanga historia ya mgonjwa: lilianza lini, linauma wapi, linazidi wakati gani. Halipangiki. Nikitaka uje, nakuona umefungwa. Nikitaka uende, najiona nimeachwa, na tena najiona nimeachwa kwa hiari yangu. Wewe uliamua kati ya Kampala na Bungoma, huku unakula mahindi. Mimi nimepewa herufi mbili, na siku hazitoshi.

Alhamisi ndiyo utarudi kutoka Nairobi. Ukiwa umechagua mji, utaacha gari kubwa njiani upande lile la tawi la Kitale, uvuke daraja la Nzoia, nami nitakuwa stesheni. Ukiwa umechagua upanga, utapitiliza mpaka Kampala kukusanya vitu vyako, nalo gari litasimama Bungoma, na mama ameapa atakuwepo. Tutakuwa wanawake wawili kwenye stesheni mbili, na mmoja wetu atarudi nyumbani bila kukuona.

Kwa hiyo nilitaka kumpa mama neno la kukufikishia. Nimelitafuta siku mbili. Nilitaka kusema nenda, nikaona ni uongo. Nilitaka kusema rudi, nikaona ni uongo, tena lina r. Mwishowe nikakumbuka sheria yako. Aliyeguswa ndiye husema. Haimlazimu kujua mchezo utaishaje, wala nani ana haki. Anataja tu mahali.

Leo mama alipokuwa anajiandaa kwa basi la kesho nikamwambia, "Akipita Bungoma, mwambie neno moja tu. Mwambie: ini."

"Ini."

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Ini la nini?"

"Yeye anajua."

"La ng'ombe ama la mbuzi?"

"Mama, ni neno tu. Umwambie dirishani."

"Haya," akasema, na akalirudia, sawasawa kabisa, bila r wala l ya kumpotosha. Nilifurahi kama mtu aliyepasi mtihani. Akafunga kitambaa alicholetea ndizi, akafikiri kidogo. "Lakini ini huharibika upesi. Nitalikaanga asubuhi hiyo hiyo."

Sikumrekebisha.

Bahasha hii sijui niiandikie wapi, kwa hiyo itabaki kwenye mfuko wa koti langu. Ukishuka Kitale, utaisoma mbele yangu, na lile neno nitalisema mwenyewe. Lakini ukiwa dirishani Bungoma, gari linapiga kelele, na ukaona mkono wa mama unakupitishia kitu cha moto kilichofungwa katika jani la mgomba, usicheke mbele yake. Kipokee, ukile chote, bado kina mvuke. Ndilo neno langu, na litakuwa limefika bila kukosewa hata herufi moja.

Ni mimi, mkeo, uliyenigusa,
Nasimiyu