Ndoo ya Kisima cha Salevai

Salevai, 4 Machi 1987

Mwanangu Fuatino,

Hujambo huko Auckland? Baridi imeanza? Kifua chako vipi? Sisi huku kisiwani hatujambo, ila mguu wangu wa kushoto umevimba, na hasira zimevimba kuupita mguu.

Kamati ya akina mama ilifanya ukaguzi wake wa kila mwezi. Tulipita nyumba kwa nyumba: vyandarua, vyoo, mikeka ya kulalia. Kisha tukashuka kisimani. Mwanangu, tuliwakuta nguruwe wa Chifu Taumata wamelala ndani ya kisima cha juu, kile cha kunywa! Ukuta wa mawe tuliujenga kwa mikono yetu, wewe ukiwa tumboni. Wameubomoa, na yeye anapita hapo kila siku akienda kanisani.

Mimi mwenyekiti nikamtoza faini kama mtu mwingine yeyote: katoni ya samaki wa kopo, na nguruwe wafungiwe. Miaka yote faini za wenzake alizipigia makofi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Akaita baraza la machifu. Akasema, "Mwanamke huyu amenivua nguo mbele ya kijiji." Wakanivua uenyekiti, wakampa dada yake, Oloa. Nisipoenda kuomba radhi kwa kufunikwa mkeka mbele ya nyumba yake, nifukuzwe Salevai.

Naomba unitumie ule mkeka wa heshima niliokusukia kwa ajili ya harusi yako. Wa kukopa siutaki.

Ni mimi mama yako.

Auckland, 22 Machi 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua changu kizima. Mguu uuweke juu, tena acha chumvi.

Sasa nisikilize. Mkeka situmi! Mama, wewe ndiye uliyewazalisha wake zao usiku wa kimbunga. Ndiye uliyewafundisha kuchemsha maji na kuosha mikono, mpaka tukakuita Mama Sabuni. Leo ukapige magoti alfajiri, umejifunika kichwa kama mtu aliyeua, kisa nguruwe? Hao machifu hawana haya! Kufunikwa mkeka ni kwa waliomwaga damu, na wewe umemwaga damu ya nani?

Njoo ukae nami. Nina chumba. Waache wanywe mavi ya nguruwe wao, labda watajifunza.

Mwanao mwenye hasira,
Fuatino.

Salevai, 19 Aprili 1987

Fuatino,

Salamu. Mguu umepungua. Ulivyokula Pasaka sijui, mimi nilikula magimbi makavu peke yangu, maana watu wanaogopa kuonekana uani kwangu.

Usinambie waache wanywe. Wanaokunywa si machifu. Machifu wana matangi ya mvua. Wanaokunywa ni akina Tala, mjukuu wa jirani yetu Sieni, yule uliyekuwa ukimsuka nywele. Sasa hana nywele za kusuka. Homa ya tumbo imezing'oa zote, yuko hospitali, macho yametoka kama ya kaa. Nilipomwona nililia, kisha nikatukana ndani ya wodi, na nesi akanitoa nje.

Wewe uliondoka Salevai, usinifundishe namna ya kuishi Salevai. Ule mkeka niliusuka mwaka mzima mpaka macho yakaharibika. Ni wangu mpaka siku utakapoolewa, na sijaona mwanamume mlangoni. Taumata anaijua mila. Mimi naijua zaidi.

Tuma mkeka.

Mama.

Auckland, 10 Mei 1987

Mama,

Natumaini mguu haujambo. Mkeka huo hapo, ameubeba binamu Ruta. Nimeukunja huku nalia kwa hasira. Ukishapiga magoti usiniandikie habari zake, sitaki kuzijua.

Mwanao.

Salevai, 14 Juni 1987

Fuatino mwanangu,

Salamu nyingi. Tala amerudi nyumbani, kichwa kinaanza kuota manyoya kama kifaranga. Mguu ni mzima. Habari ulizozikataa nakuandikia, maana tangu lini nimekusikiliza?

Nilikwenda alfajiri. Niliketi juu ya mawe mbele ya nyumba ya Taumata, mkeka umenifunika wote. Punde nikasikia pumzi pembeni. Sieni! Nikamwambia, "We, rudi nyumbani, utafukuzwa." Akajibu, "Nyamaza, dada, unaharibu mila." Kulipopambazuka kamati nzima ilikuwa imeketi, kila mmoja kajifunika mkeka wake wa kulalia.

Taumata alituacha juani mpaka machifu wote walipofika waone. Ndipo akaja kuufunua mkeka wangu, kasimama kifua mbele. "Siaunofo, umesamehewa. Inuka, ule pamoja nasi."

Nikasema, "Ahsante, mheshimiwa. Mila inataka nilete kuni na mawe, kwamba mkipenda mnipike. Hivi hapa. Nimeleta na maji, maana msamaha haushuki kwenye koo kavu." Nikaitoa ndoo chini ya mkeka. Maji niliyachota kwenye kisima cha juu, mwanangu, na kila kilichoelea nilikiacha kielee. Nikachovya kifuu cha nazi, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu zote ulizowahi kuniona nazo.

"Kunywa, mheshimiwa. Tala alikunywa."

Hakukipokea. Akawatazama machifu, na machifu wakatazama miguu yao. Kifuu sikukishusha mpaka akaingia ndani. Jioni wanawe walikuwa wanajenga zizi.

Usifikiri wamenirudishia kiti. Hawajanirudishia, na wala hawajaniomba radhi, wanaharamu wale. Wiki iliyopita Oloa aliongoza ukaguzi wa mwezi huu, akaanzia kwangu. Akatafuta weee, akakuta kosa moja: ile ndoo, chafu, mlangoni. Nikalipa faini palepale, kopo la samaki, tena nikamsifu kuwa ana macho makali.

Mkeka wako nimeuanika, harufu itatoka. Ndoo sijaiosha.

Mama yako,
Siaunofo.